Kifuniko cha Piano ya Baba

Kasongo, 3 Mei 2024

Mdogo wangu Faradji,

Salamu alekum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Salamabila, wewe na mke wako Aïcha na watoto wote. Mimi nimerudi kutoka Kindu Jumapili iliyopita. Jicho la kulia walilonipasua sasa linaona hadi nzi aliyetua ukutani. Daktari amenikataza kuinama, kulia na kukasirika kwa mwezi mzima. La kuinama nimeliweza.

Jirani yangu Clémentine amejifungua mapacha, wasichana, na mumewe anatembea mtaani kama aliyewazaa yeye. Mihogo imekubali mwaka huu. Mvua ilikata barabara ya Kabambare, ndiyo maana Fidèle wa moto, yule mwenye pikipiki, amechelewa kupita kuchukua barua. Kwa simu sikutaka kukueleza, maana mtandao unapatikana pale kilimani tu, na maneno niliyonayo si ya kupigia kelele kilimani.

Sasa kaa chini. Nilipofungua sebule siku ile ya kurudi, niliiona piano ya Baba, na nilidhani jicho jipya linanidanganya. Nikaziba la kulia, nikatazama kwa la kushoto. Nikaziba la kushoto. Mambo yalikuwa yale yale. Kile kifuniko cha juu, ambacho wewe na mimi tulikuwa tunajitazamia sura tangu yule Mgiriki wa duka alipomwachia Baba mwaka wa sabini na nne, kimekuwa cheupe kama maziwa yaliyoganda. Kimekunjamana na kinanata. Niligusa, na alama ya kidole changu ikabaki pale. Nikakaa sakafuni na mizigo yangu ya safari.

Na harufu, Faradji. Lotoko, ile pombe kali ya muhindi. Ndani ya nyumba ya Baba, Mzee Omari, ambamo hata chupa tupu ya bia haikuwahi kuingia kutiliwa mafuta ya taa. Chini ya piano niliokota kizibo cha gunzi la muhindi, kile wanachozibia chupa zao.

Nyumba nilimwachia Feza peke yake. Unajua tangu tumzike mwanangu Iliasi miaka miwili iliyopita, huyu mjane wake nilikuwa nikimhesabu kama mtoto wa tumbo langu. Unajua pia kwamba mama yake kule Lusangi anapika lotoko na kuuza. Nilimwita mbele ya Clémentine na Shehe wa mtaa. Nikamwuliza nani ameleta pombe kwenye piano. Akasema, "Siyo miye, Mama." Nikamwuliza, basi ni nani? Akanyamaza. Nilimwuliza mara tatu, akatazama miguu yake. Asiye na kosa husema sijui. Huyu hata sijui hakusema. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia afunge vitu vyake arudi kwao, naye akaondoka asubuhi yake na furushi moja kichwani, bila kugeuka.

Basi hilo limekwisha. Lililobaki ni piano. Wewe peke yako ndiye uliyejifunza kwa Baba kung'arisha ubao. Serge, fundi wa sokoni, anataka akwangue yote kwa msasa kisha apake rangi ya mafuta. Nilimwambia akapake kichwa chake. Niandikie nifanye nini, hatua kwa hatua, kama unavyomwandikia mtoto.

Dada yako,
Faridah


Salamabila, 21 Mei 2024

Yaya Faridah,

Alekum salamu, dada yangu mkubwa. Tumeshukuru sana kusikia jicho limepona. Aïcha alishangilia, akasema sasa utaona madoa ya shuka zake ukija kututembelea. Watoto wamepita malaria, mmoja baada ya mwingine, na wote wamesimama. Mimi bado naadhini katika msikiti wetu mdogo wa wafanyabiashara, ingawa koo linakauka kwa vumbi la machimbo. Mwezi wa nne shimo liliangukia vijana wawili hapa. Mambo ya Salamabila unayajua. Muhindi umepanda bei, samaki wa ziwa hawafiki tena, na moto yangu inadai mpira mpya.

Kuhusu piano. Serge asiikaribie na msasa wake. Verni ya Baba, ule mng'aro aliopaka juu ya ubao, si rangi, Yaya. Ni laki, vile vigamba vya rangi ya asali alivyokuwa akiviloweka kwenye alkoli hadi vinayeyuka, kisha anapaka tabaka jembamba juu ya tabaka, mara mia. Kwa hiyo pombe kali ikimwagika juu yake, verni inalainika upya na kuvurugika. Lakini haijafa. Alkoli ile ile ikitiwa kidogo, kwa mkono mwepesi, inaweza kuilaza tena.

Tafuta alkoli safi ya dawa kwenye zahanati. Chukua pamba, ifunge ndani ya kitambaa cha zamani kilichofuliwa mara nyingi, iwe donge linaloenea kiganjani. Tia alkoli matone, usiloweshe. Anza upande wa kushoto, pale kitambaa cha kufuma kilipogandia. Usikivute, utang'oa na verni. Kilainishe kidogo kidogo hadi kiachie chenyewe. Kisha zungusha mkono duara dogo dogo, wala usisimame hata mara moja mkono ukiwa juu ya ubao. Ukisimama, pamba inagandia hapo hapo. Fanya nusu saa, acha siku mbili, rudia. Vigamba vya laki vya Baba viko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati la zana, kama panya hawajalihamisha.

Ningekuja mwenyewe, lakini kazi zimenibana na sijakanyaga Kasongo tangu Januari. Nisalimie majirani.

Mdogo wako,
Faradji


Kasongo, 10 Juni 2024

Mdogo wangu Faradji,

Salamu nyingi na za heri kwa Idi inayokuja. Mapacha wa Clémentine wananenepa. Mmoja amepewa jina langu, kwa hiyo analia zaidi. Vumbi la kiangazi limeanza, barabara imekauka, na Fidèle sasa anafika kwa siku mbili.

Kazi nimeifanya kama ulivyoniagiza. Kwanza zahanati. Muuguzi Marguerite aliniuliza mjane mwenye tasbihi mkononi anataka alkoli chupa nzima ya nini. Nikamwambia ya piano. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama jicho linanisumbua hadi kichwani. Nilirudi na chupa imefungwa ndani ya kitenge, na njia nzima nilijiona kama mwizi.

Kitambaa kilichukua asubuhi mbili kuachia. Kilipoachia, kilikuwa kimeacha maua yake yote yamechapwa ndani ya verni, kila petali, kila kifundo cha uzi. Halafu nikazungusha duara kama ulivyosema. Ubao ukaanza kurudi, Faradji. Ile rangi nyekundu ya ndani ikatoka polepole kwenye ukungu, nikasikia kama Baba yuko nyuma yangu anakagua.

Siku ya tatu Shehe alipiga hodi, nami kwa adabu nikasimamisha mkono nimwitikie. Pamba ikagandia. Niliivuta kwa hofu, ikaondoka na kipande cha verni ukubwa wa kiganja, ubao mtupu ukabaki unanikodolea macho. Nilipiga ukelele, Shehe akafikiri nyoka. Nililia, na daktari anisamehe. Sasa pana shimo katikati, vumbi limenata pembeni, na maua ya kitambaa bado yako kushoto. Niambie nifanyeje.

Jambo jingine. Katika barua yako yote hukuuliza neno moja juu ya Feza, wewe uliyekuwa ukimletea zawadi kila unapokuja. Nimesikia habari zake bila kuzitafuta. Kule Lusangi analima mashamba ya watu. Ile shule ya watoto wadogo alikokuwa akifundisha hapa imempa mwingine darasa lake, kwa sababu maneno yamefika, na hakuna mzazi anayetaka mlevi amfundishe mwanawe kuhesabu. Watoto wake wa darasani walikuja mlangoni kumwulizia. Sikujua niwajibu nini, nikawapa ndizi.

Sikuandikii haya kwa kuwa nimelegea. Nakuandikia tu ujue.

Dada yako,
Faridah


Salamabila, 27 Juni 2024

Yaya,

Salamu, na Idi iwe ilikuwa njema. Sisi hatujambo.

Sehemu iliyong'oka isikutishe. Iache kabisa kwanza, ikauke wiki mbili. Loweka laki mpya, ipake pale kwa manyoya ya kuku, tabaka moja kwa siku, hadi ilingane na pembeni. Fanyia kazi asubuhi mapema kabla upepo haujainua vumbi, na mwagia sakafu maji. Mgeni akipiga hodi, mwache apige.

Yaya, nakuomba jambo moja. Mrudishe yule binti. Ubao ni ubao. Piano ambayo hakuna anayejua kuipiga haistahili mtu kukosa kazi kwa ajili yake. Mrudishe, wala usimwulize kitu tena, na mimi usiniulize kwa nini nakuomba.

Mdogo wako,
Faradji


Kasongo, 9 Julai 2024

Faradji,

Leo sikusalimu. Habari za nyumbani utazipata siku nyingine.

Barua zangu naziandika kwanza kwenye daftari, kisha nazinakili, kwa sababu mwandiko wangu ulikwishaharibika kabla ya macho. Kwa hiyo ile ya tarehe tatu Mei ninayo neno kwa neno. Juzi, niliposoma ombi lako, nilishangaa huruma yote ile imetoka wapi. Nikazipanga barua zetu zote mezani, nikazisoma moja baada ya moja.

Katika barua yangu sikutaja kitambaa. Nilitaja weupe, mikunjo, harufu na kizibo. Kitambaa sikukitaja kwa kuwa nilikiona aibu ndogo ndani ya aibu kubwa. Wewe ndiwe uliyekitaja. Ukaniambia kimegandia, na ukaniambia ni upande wa kushoto. Na mimi, mjinga mwenye jicho jipya, nilifuata maagizo yako hadi mwisho bila kuona kitu.

Nikamwuliza Clémentine kitambaa kile kilitoka wapi, maana hakikuwapo nilipoondoka. Akaniambia Feza alikifuma mimi nikiwa Kindu, akakitandika juu ya piano nikirudi nikikute. Kwa hiyo mtu yeyote ambaye hakuingia sebuleni kwangu katika siku zile hawezi kujua kwamba kuna kitambaa hapa duniani.

Nimekaa na jambo hili siku mbili. Nakutafutia njia ya kutokea na siipati. Nani alikuambia? Kama ni Feza aliyekuandikia, sema. Kama ni Fidèle, sema. Nitamwamini hata paka, kama utaniambia paka ndiye aliyekuambia.

Mficha uchi hazai, Faradji. Nijibu kwa mkono wako.

Faridah


Salamabila, 2 Agosti 2024

Yaya Faridah,

Barua hii nimeiandika mara nne. Hakuna aliyeniambia.

Nilikueleza kwamba shimo liliangukia vijana wawili mwezi wa nne. Sikukueleza kwamba magogo ya kushikilia shimo lile niliyakata mimi. Mwenye shimo alikuwa na haraka, akataka yawekwe mabichi. Nilijua mti mbichi utanywea na kulegea. Baba alinifundisha hilo kabla sijaota ndevu. Niliyaweka. Walioangukiwa ni Ngoy na Kadogo, na Kadogo alikuwa akisali nyuma yangu kila siku. Mimi ndiye niliyemwosha. Baada ya maziko baba yake alinishika mikono, akanishukuru kwa kumsitiri mwanawe.

Kesho yake nilimwambia Aïcha nakwenda kununua misumari. Nikapanda moto, na nilipofika Kabambare nikanunua chupa kwa mwanamke mmoja kando ya barabara. Tangu nilipomwapia Baba kitandani mwake kwamba nimeacha pombe, miaka ishirini na miwili, sikuonja. Sikujua niende wapi nikainywe. Ufunguo wa nyumba alionipa Baba bado ninao. Niliingia kwako Ijumaa mchana, mtaa ukiwa msikitini, na Feza akiwa shambani. Nilikaa kwenye kiti cha piano nikanywa, nikalala hapo hapo kichwa juu ya kifuniko. Nilipoamka chupa imelala na kitambaa kimelowa. Nikafuta kwa mkono wa shati, na kila nilipofuta nilizidi kuivuruga. Ninaijua kazi ile, Yaya. Niliitazama verni ikiharibika mbele yangu, na nilijua kila hatua yake. Kisha nikaondoka kabla mtu hajaniona.

Nilipofika kwenye jina la Feza katika barua yako, niliikunja. Niliifungua baada ya siku tano. Nikajiambia nikikufundisha kutengeneza piano, hasira itapona pamoja na ubao, utamrudisha mwenyewe, na hakuna atakayehitaji kujua. Miezi mitatu nimepanda mnarani kuita watu kwenye sala huku mtoto wa watu amebeba pombe yangu. Nimewaambia wenzangu wamtafute muadhini mwingine. Aïcha nimemweleza.

Barua hii isome mbele ya wale wale, Clémentine na Shehe. Na mahali pengine popote utakapoona inafaa.

Faradji


Kasongo, 26 Agosti 2024

Faradji,

Salamu alekum. Aïcha mpe pole zangu kwanza, kabla hujasoma zaidi.

Nilisoma barua yako mbele ya Shehe na Clémentine. Kisha nikaenda nayo shuleni, nikaisoma mbele ya walimu. Nimeona aibu mbele za watu mara nyingi maishani, lakini siku ile nilisoma kwa sauti kubwa. Mkuu wa shule alisema darasa la Feza litamngoja hadi masomo yafunguliwe. Juu ya vijana wale wawili sikuhukumu. Hilo ni lako na baba zao na Mungu, na najua utalibeba.

Kuhusu kifuniko, ile sehemu iliyong'oka imejaa laki, na ukiitazama kwa ubavu huoni kitu. Maua ya kushoto yamekataa kulala. Nimeyaacha.

Halafu nikapanda moto ya Fidèle hadi Lusangi. Mimi, na umri huu, na vumbi lile. Nilimkuta Feza nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Mikono yake imekuwa migumu. Alinitandikia mkeka, akaniletea maji, akanisalimu kama anavyonisalimu siku zote. Nikatoa barua yako nikamsomea yote, nikingoja ashtuke, au alie, au anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Aliendelea kumenya.

Nilipomaliza, nilimwuliza kama amesikia. Akaniambia amesikia, na kwamba alijua.

Faradji, alijua tangu siku ile ile. Alirudi kutoka shambani mapema kuchukua kisu alichosahau. Alikuona dirishani, umelaza kichwa juu ya piano, mabega yanatikisika, chupa kando yako. Hakuingia. Aligeuka akarudi shambani akakaa huko hadi jua liliposhuka, ili wewe usijue kwamba ameona. Wakati mimi namsimamisha mbele ya watu na kumwuliza mara tatu kama hakimu, jina lako lilikuwa mdomoni mwake.

Nilimwuliza kwa nini hakulisema. Aliweka kisu chini, akaniambia hivi, nami nakuandikia kama alivyosema:

"Mama, kwenu mumebakia wawili tu. Ningelisema, ungelibakia peke yako. Miye ni mutoto wa watu, niliweza kwenda."

Nilimfukuza mtu aliyekuwa anaulinda undugu wangu, na nilimfukuza kwa sababu mama yake anapika lotoko. Wewe ulimwaga chupa. Lakini haya mengine niliyafanya mwenyewe, kwa akili timamu, mchana kweupe. Nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti, na mama yake akiwa amesimama mlangoni anatutazama. Feza aliniinua. Nilimwomba arudi nyumbani. Hakukataa wala hakukubali. Alinisindikiza hadi kwenye moto, akaniambia nijifunike uso kwa ajili ya jicho.

Sasa sikiliza. Usije Kasongo. Nenda Lusangi. Nenda mchana, watu wakiwa nje, ukasimame mlangoni kwa mama yake useme mwenyewe kwa mdomo wako yale uliyoyaandika, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuadhini. Kisha ungoje. Feza akikubali kupanda moto, njooni wote wawili, nitawapikia. Akikataa, usimbembeleze, na usipitie kwangu. Geuza urudi Salamabila, na mimi nitajifunza kuishi peke yangu.

Faridah